Rafiki yangu anataka tuoane kwa ajili ya makaratasi. Nitie sahihi?

Mwalimu wa Mamboleo (mwenye uzi)

Habari za jioni wadau. Jambo hili nimelizungusha kichwani tangu Pasaka, na nalileta hapa kwa sababu dada zangu wakilisikia litafika Ahero kabla sijamaliza kusema.

Mimi ni mwalimu wa shule ya kibinafsi hapa Kisumu. Nimepita arobaini, sina mume, sina mtoto, na sijawahi kukosa usingizi kwa hilo. Nina rafiki wa kiume tangu siku za chuo. Ana duka la vifaa vya umeme upande wa Kibuye. Mkewe alifariki, ana binti mmoja aliye kidato cha tatu ambaye huniita anti na likizo nyingi huzimalizia kwangu. Mapenzi hayapo, hayakuwahi kuwapo. Tuliwahi kulizungumza waziwazi tukaishia kucheka.

Sasa bwana huyu ana kisukari, na bima ya kazini kwangu inamchukua mume. Halafu tuna ploti Mamboleo tuliyoinunua kwa pesa zetu wote wawili, hati bado haijatoka. Tena mwaka jana nilifanyiwa upasuaji. Kwenye fomu nikaulizwa ndugu wa karibu ni nani, nikaandika kaka yangu aliye Mombasa, ambaye hata hakujua nimelazwa. Aliyekuwa kwenye benchi la nje ameshika begi langu, kandambili zangu na chupa ya uji hakuwa na mahali pa kuandikwa.

Wiki jana akaniletea karatasi ya hesabu aliyoiandika kwa kalamu nyekundu. Upande mmoja "faida", upande wa pili "kelele za watu". Anataka twende kwa msajili, tutie sahihi, kila mtu abaki na chumba chake. Mwaonaje?

Boda wa Kondele

Mwalimu, huyo jamaa amekupenda tangu chuo. Ameona njia ya moyo ina foleni, akapitia ya serikali.

Nyar Seme

Boda, acha watu wazima waongee. Mwalimu, mimi nasema saini. Nimeolewa kwa mapenzi miaka kumi na kitu na sijui nenosiri la simu ya mtu.

Karani wa Milimani

Nafanya kazi ofisi ya mawakili, mimi mwenyewe si wakili. Nitasema yale ninayoyaona kwenye faili.

Kwanza ondoa habari ya kodi kama iko kwenye ile karatasi nyekundu. Watu wanatazama video za Marekani wanadhani ukioa kodi inashuka. Kwetu kila mtu na PIN yake ya kodi, kila mtu na nafuu yake ya shilingi 2,400 kwa mwezi, awe na mke au alale na paka. Nafuu ya ndoa iko mahali pamoja: mkihamishiana mali. Mume na mke wakipeana ardhi hawalipi ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4, wala ile kodi ya asilimia 15 ya faida ya kuuza mali. Marafiki wanalipa zote.

Hospitali ndiyo iliyokuuma zaidi naona, na ndiyo rahisi kuliko zote. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa akishindwa kutoa idhini, anayetazamwa kwanza ni mtu ambaye mgonjwa alimpa mamlaka hayo kwa maandishi. Ndugu wa karibu anafuata iwapo hakuna aliyeandikwa. Kwa hiyo ungeweza kuandika jina la rafiki yako, ukaweka sahihi, ukaibeba karatasi kwenye begi lako. Huhitaji pete.

Urithi. Ukifa leo bila wosia, bila mume na bila mtoto, mali yako inakwenda kwa wazazi wako, kama wote hawapo kwa ndugu zako. Rafiki hayumo kwenye orodha hiyo hata awe amekuuguza miaka ishirini. Lakini wosia unaondoa shida hii. Mashahidi wawili wakuone ukitia sahihi, na huyo unayemwachia mali asiwe mmoja wao.

Sasa ploti. Hapa ndipo namwelewa rafiki yako. Umiliki wa watu wawili uko wa aina mbili. Kuna ule ambao kila mmoja ana fungu lake, akifa fungu linakwenda kwa warithi wake. Na kuna ule usiogawanyika, ambao akifa mmoja, aliyebaki anamiliki yote papo hapo, bila kusubiri kesi ya mirathi. Tangu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, huu wa pili ni wa mume na mke peke yao, mpaka mahakama itoe ruhusa. Marafiki wakijiandikisha hivyo, sheria inauhesabu kuwa ule wa kwanza. Kwa hiyo mkijenga pale Mamboleo na yeye akatangulia, nusu yake itapitia mirathi na ndugu zake watakuwa kwenye chumba cha mahakama. Umiliki ule wa pili ndio ambao cheti cha ndoa kinakuletea, kitu ambacho wosia haukufikishi sawasawa.

Mwalimu wa Mamboleo

Asante sana Karani. Kwa hiyo nusu ya ile karatasi nyekundu imeshakufa. Yeye alikuwa ameandika "KODI" kwa herufi kubwa na kupigia mstari mara mbili.

Jaduong' wa Nakuru

Ninyi vijana mnazungumza kama cheti cha ndoa ni paa la saruji. Mimi nilikuwa hapa Nakuru mwaka 1987 nikifuata redio kila jioni. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alikuwa mke wa ndoa ya kisheria, wameishi na kulea watoto Nairobi, na alitaka kumzika mumewe shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ulikaa mochari karibu miezi mitano wakivutana. Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi tarehe 15 Mei 1987, akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Kama mke wa namna ile alishindwa kuamua kaburi, wewe mke wa karatasi utaamua nini? Na huyo rafiki yako ni wa wapi?

Mwalimu wa Mamboleo

Nyakach, jaduong'. Mimi ni wa Kano.

Jaduong' wa Nakuru

Basi marehemu mkewe amezikwa Nyakach na nyumba yake iko pale. Wewe utakuwa nyachira, mke wa pili, mwenye mikayi, mke wa kwanza, aliyelala chini. Siku ukifa, Kano watakwambia umeolewa, peleka mwili kwa mumeo. Nyakach watauliza mahari ililetwa lini. Nyinyi mtakuwa mmesema "tuliandikiana tu". Nakuuliza, gari la mochari ligeuze wapi pale Sondu?

Otonglo hapa

Jaduong' umepiga kwenye mfupa.

Chepkoech wa Lanet

Mimi nimetoka Nandi nikaolewa Nakuru. Najua kuna watakaosema ndoa bila mapenzi ni mambo ya wazungu. Si kweli. Kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake. Mahari inatolewa, sherehe inafanywa, na mambo ya kitandani kati yao hayapo kabisa. Yule aliyeoa anahesabiwa kama mume, watoto wa yule aliyeolewa wanakuwa wa nyumba ile, na shamba linapata mrithi. Wakisii wanayo, Wakuria wanayo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kesi ya mirathi ya mama mmoja wa Kinandi kwa kuitambua ndoa ya namna hiyo, na mke wake akatambuliwa kuwa mrithi mbele ya jamaa waliokuwa wakimpinga.

Nyanya yangu mkubwa aliishi hivyo. Hakuna aliyemuuliza kama alimpenda mkewe. Waliuliza kama ng'ombe walifika.

Sasa Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mwalimu na rafiki yake wana nafasi ambayo mimi na rafiki yangu wa kike tusingepata hata tungekuwa na ploti kumi.

Mtu wa Bima

Nashughulikia madai ya bima, niko Nakuru pia. Kampuni inataka cheti cha ndoa, basi. Hatuna fomu ya kuuliza nani analala chumba gani. Lakini kisukari kiandikwe siku ya kwanza ya kumwongeza. Watu huficha wakidhani wanajisaidia, halafu dai la kwanza kubwa likija, faili zinafunguliwa mpaka za miaka ya nyuma. Na uangalie mkataba wa shule yenu: magonjwa ya muda mrefu mara nyingi huwa na kiwango chake, kidogo kuliko kile kikubwa mnachotangaziwa.

Halafu pigeni hesabu ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wewe wa mshahara unakatwa asilimia 2.75. Yeye mwenye duka anapimwa kwa mapato, na chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kama ndoa hii ni ya kumtafutia dawa za kisukari tu, kuna njia ya bei nafuu kuliko mke.

Boda wa Kondele

"Bei nafuu kuliko mke." Nitaiandika nyuma ya pikipiki.

Mkenya Minnesota

Niko huku miaka mingi, wacha niseme kidogo. Huku Marekani marafiki kuoana si kosa lenyewe. Wengi wanafanya kwa bima ya kazini au kwa malipo ya uzeeni. Mjane hupata ya mwenzake kama walioana angalau miezi tisa kabla ya kifo. Kosa linakuja ukioa ili upate makaratasi ya uhamiaji. Hapo ni kifungo mpaka miaka mitano, faini mpaka dola 250,000. Wanawahoji kila mmoja chumba chake: mwenzako anatumia mswaki wa rangi gani, nani alipika Jumapili.

Naona mwalimu angepasi mahojiano hayo kuliko wanandoa wengi ninaowajua.

Katekista mdogo

Ndoa ni sakramenti. Ukiingia huku umeshaamua kwamba watoto na tendo la ndoa havimo, kwa Kanisa hiyo ndoa ni batili tangu mwanzo. Mnafundisha watoto nini?

Mwalimu wa Mamboleo

Katekista, hatuendi kanisani, tunakwenda kwa msajili. Na nafundisha Kemia.

Binti Kaloleni

Mwalimu, niongeze kwa upande wetu Waislamu, maana hata hapa Kaloleni jambo hili lipo, hasa kwa wazee wajane. Nikahi inafungwa kwa mahari na mashahidi, na mke anaweza kusamehe baadhi ya haki zake kwa hiari yake. Lakini ukiwa mke una fungu lako hata jamaa wasipopenda: robo kama marehemu hakuacha mtoto, thumni, yaani moja ya nane, kama ameacha. Na rafiki asiye mrithi unaweza kumuusia, mradi usizidishe theluthi ya mali. Bibi yangu alisema theluthi inamtosha rafiki, kilichobaki ni cha ukoo.

Mama Jubilee

Nimesoma yote nikiwa dukani, wateja wamenisubiri. Mimi ni mjane, nauza samaki, mambo ya sheria nawaachia wenye tai.

Mwanangu mwalimu, usijiulize kama unampenda. Jiulize kama uko tayari kuwa mjane wake.

Kwa sababu duka, bima, hospitali, hayo ni ya wakati mko hai na mko wawili mnaelewana. Siku akifa, wewe ndiye unayekaa kwenye mkeka. Wewe ndiye shemeji zako watakuja kumuuliza funguo za duka. Wanaume wa pale kwao wataanza kuulizana nani atakuchukua, na ukisema "sisi tulikuwa marafiki tu" utakuwa umewapa kisu. Watasema basi huna haki hapa. Na yule mtoto? Mama yake alishakufa, sasa baba. Ndugu za baba watataka kumchukua, wewe utasimama na cheti chako cha kwa msajili. Je, utasimama? Au utasema haya hayakuwa kwenye karatasi nyekundu?

Mimi wangu nilimpenda sana. Nilipigana miaka miwili kuhusu kibanda cha mabati. Mapenzi hayakunisaidia mbele ya chifu. Kilichonisaidia ni kwamba mama mkwe alinijua, alikuwa amekula kwangu, na alisema mbele ya watu "huyu ni wangu". Hiyo huipati kwa msajili.

Nyar Seme

Mama, nimenyamaza.

Karani wa Milimani

Mama Jubilee amesema ninayoyaona kila siku. Acha nimjibu mtu aliyeniuliza pembeni kama hii ndoa inaweza kufutwa.

Sheria ya 2014 inasema ndoa ni batili ikiwa mmoja aliingia kwa makusudi ya ulaghai. Tena inasema ndoa ambayo haikutimizwa kitandani inaweza kubatilishwa, lakini anayeomba ni mmoja wa wanandoa, na anaomba ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo shemeji hawezi kuja na habari za vyumba viwili. Njia yake ni kudai ulaghai. Mwalimu, mkiwa mnakula pamoja, mnamlea mtoto pamoja, mnajenga pamoja, sioni ulaghai uko wapi. Sheria haisemi mahali popote mpendane. Mkibaki kila mtu na nyumba yake mtaa wake, mnakutana kwenye fomu ya bima tu, hapo mwenyewe ungekuwa hakimu ungesemaje?

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa: ndoa ya msajili ni ya mke mmoja mume mmoja. Bwana akija kumpata mtu wa kumpenda kweli miaka mitano ijayo, hawezi kumwoa mpaka muachane mahakamani. Akioa juu yako ni kosa la jinai, mpaka miaka mitano ndani. Na akianza tu kumpenda huyo mtu kwa vitendo, sheria itamwita mzinzi, ingawa wewe ndiye uliyemtambulisha.

Otonglo hapa

Na wale wa njoo tukae? Mimi nilijua ukikaa na mtu miaka kadhaa umeoa.

Karani wa Milimani

Mahakama ya Juu ilibana sana tarehe 27 Januari 2023. Watu wawili walikuwa wameishi pamoja tangu miaka ya themanini, mahakama ikasema hapakuwa na ndoa, na kwamba ndoa ya kudhaniwa iko karibu kuaga dunia. Lakini nyumba waliyochangia ikagawanywa, asilimia 70 na 30, kwa sababu kila mmoja aliweka kitu. Kwa hiyo mwalimu weka risiti za ploti. M-Pesa, benki, karatasi ya mzee wa mtaa, zote. Hata ukiolewa: siku hiyohiyo mahakama ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe, inatazamwa kila mmoja alichangia nini.

Wuon Dani

Mimi rafiki yangu wa dhati ni mwanamume mwenzangu. Tuna mashua pamoja Dunga. Nani ametufikiria? Kila sheria hapa inataka uwe ndugu au uwe mke.

Chepkoech wa Lanet

Wuon Dani, hilo ndilo swali ambalo mwalimu hakuuliza. Kwenye sacco unaweza kuandika jina la mtu yeyote wa kupokea akiba yako. Wosia vilevile. Anza na hizo.

Mwalimu wa Mamboleo

Nimerudi. Nilimsomea uzi wote jana jikoni, yeye akikaanga omena. Kwa Boda alicheka, kwa Mama Jubilee alizima jiko.

Tumekubaliana hivi. Bima tumeitoa kwenye hesabu; atalipa SHA yake na mimi nitamsukuma alipe. Karatasi ya idhini ya hospitali tumeshaiandika, kila mmoja ya mwenzake, jirani ameshuhudia. Wosia tutauandika mwezi huu kwa wakili, na wake utamtaja binti kwanza. Jina la mtu wa kupokea akiba yangu ya sacco nimebadilisha leo asubuhi, karani wa pale aliniuliza "huyu ni nani wako?" nikamwambia andika rafiki, akaandika.

Imebaki ploti na binti. Kwa hizo mbili ndipo bado nataka ndoa, na nashangaa kuona ni mimi ninayeitaka kuliko yeye. Aliniambia mama yake yuko hai, Nyakach, na hajawahi kuniona ila kwenye picha za mazishi ya mkewe. Kwa hiyo Desemba tunakwenda. Sukari, majani, kitu kidogo cha mama. Nitakaa jikoni nipike, anione. Tutamweleza mambo jinsi yalivyo, bila kumdanganya kwamba kuna mapenzi. Akisema hapana, ploti tutaiandikisha kwa mafungu na tuache hapo.

Binti ameambiwa. Swali lake lilikuwa moja: je, atahitaji kuniita mama? Nimesema hapana.

Jaduong' wa Nakuru

Sasa hapo mmeanza na mahali panapostahili. Nendeni na mjomba wako mmoja, usiende peke yako kama mgeni wa sensa.

Mwalimu wa Mamboleo

Mjomba wangu ni yule wa Ahero, jaduong'. Yeye ndiye redio yenyewe.

Karani wa Milimani

Mpeleke huyohuyo, mnahitaji mashahidi wanaosema. Na mama akikubali, mkumbuke notisi kwa msajili ni siku 21 kabla, na isipite miezi mitatu. Hati ya ploti msiichukue kabla ya cheti, ili muiandikishe mara moja kama mume na mke.

Boda wa Kondele

Mwalimu, kutoka Mamboleo mpaka stendi ya magari ya Sondu nitakubeba bure. Sukari ikimwagika si juu yangu.